Paco na Maria katika Hoteli ya Valsordo

Segovia, 6 Oktoba 1963

Obdulia mke wangu,

Barua yako ilifika siku ya soko. Mama aliikalia kama kuku anayeatamia mpaka niliporudi kazini, maana anasema barua ya mke haifunguliwi na mama mkwe hata kama anakufa kwa hamu. Sote tu wazima. Benita amerudi shule kwa watawa, na amerefuka hivi kwamba sketi uliyomshonea kabla hujaondoka imekuwa kichekesho. Anaivaa hivyo hivyo, hataki tuiguse.

Hotelini kumechangamka. Tumeletewa meneja mpya, Don Leandro, kijana wa Madrid ambaye nywele zake zinang'aa kuliko viatu vyake. Alitukusanya jikoni, akasimama mbele ya tanuri langu kama mtu aliyesimama mbele ya kabati, akasema, "Mabwana, watalii wanakuja kwa mabasi. Hawaji Valsordo kula chakula cha Kifaransa. Wanataka Hispania halisi, ile ya zamani." Nikamwambia, "Don Leandro, Hispania halisi imo humo ndani, ila bado haijaiva, tuipe muda kidogo." Wapishi wakacheka. Yeye hakucheka, lakini alinitazama kwa makini. Nadhani alinipenda.

Jumapili tulikuwa na harusi ya binti wa jenerali katika ukumbi wa juu, ule wenye dari ya mbao za kuchongwa ambayo yule markizi, bwana mkubwa wa zamani, aliijenga hoteli hii ikiwa bado jumba lake. Niliwapikia maharage makubwa ya La Granja kwa masikio na kwato za nguruwe, nikawapa kwale wa siki, kisha vitoto vya nguruwe kutoka kwenye tanuri la kuni, ngozi inapasuka kama barafu nyembamba. Jenerali alishuka mpaka jikoni, akanishika mkono wangu wenye mafuta, akasema hajala hivyo tangu mama yake afariki. Nilitamani ungekuwapo, mlangoni pale unapopenda kusimama na shali yako.

Wewe huko Uswisi unapika nini? Hujaniambia. Nikifikiria jiko lile likiwa chini yako nawaonea huruma Waswisi, watanenepa.

Mumeo,
Frutos


Lausanne, 3 Novemba 1963

Frutos mume wangu,

Huyo jenerali asije akakuharibu. Mwanamume akishasifiwa na jenerali hurudi nyumbani hajui tena kuosha kikombe.

Nami ni mzima. Baridi ya huku si kama ya kwetu. Ya kwetu inakupiga usoni kama mtu anayekudai heshima, hii inaingia kimya kimya kwenye viatu. Umeuliza ninapika nini. Bibi Jaccard ameniachia jiko lote. Jumapili iliyopita niliwapikia cocido, kama kwetu: supu kwanza, kisha dengu na kabichi, mwisho nyama. Bwana Jaccard alichovya mkate mpaka chungu kikabaki kikavu, akasema, "Bibi Obdulia, kwa mikono hii hatukuachi urudi Hispania." Watoto wao wawili wananifuata kama vifaranga. Nina chumba changu, kina dirisha.

Mwambie Benita ile sketi aikunjue pindo, niliiachia kitambaa kwa ndani. Na mama asibebe maji, kifua chake nakijua.

Fikiria siku tutakapofungua mgahawa wetu katika nyumba ya marehemu baba kule mtoni. Wewe na tanuri, mimi na vyungu. Hatutakuwa na bwana wa kumwita Don.

Mkeo,
Obdulia


Segovia, 20 Januari 1964

Obdulia mke wangu,

Nimechelewa, unisamehe. Sikukuu zimetumaliza.

Kuna habari. Amekuja mpishi mkuu mpya, bwana mmoja aliyesomea Paris, ndiye anayesimamia jiko sasa. Mimi nimepandishwa. Don Leandro anasema uso wangu ndio Kastilia yetu yenyewe, ni hasara kuuficha kwenye moshi. Kwa hiyo niko ukumbini, nawapokea wageni, nawakatia nyama mezani kwao. Nimepewa nguo maalumu ya kazi hiyo, imeshonwa Madrid kwa vipimo vyangu. Wageni wananijua, wengine wanataka kupigwa picha nami.

Ndiyo hivyo. Theluji ni nyingi. Mama anakohoa lakini anatukana, kwa hiyo hajambo.

Frutos


Lausanne, 11 Februari 1964

Frutos wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti Jumapili baada ya misa, mbele ya wanawake wa Galicia, Wahispania wenzangu ninaokutana nao. Wao waume zao ni waashi na wachimba migodi. Nikawaambia, "Wangu yuko ukumbini, amevaa suti iliyoshonwa Madrid." Mmoja akaniuliza, "Na wewe unafanya nini huku, mke wa waziri?" Tulicheka hadi padri akatoka kutazama.

Nitumie picha ukiwa na hiyo suti. Nitaiweka karibu na kitanda.

Lakini Frutos, tanuri analichochea nani? Huyo wa Paris anajua kwamba mlango wake unafunguliwa mara moja tu, na si kila anapotaka kuchungulia? Hukuniambia kama ulihuzunika. Ninakujua, ungehuzunika.

Pasaka sitaweza kuja, wananihitaji sana jikoni. Labda kiangazi.

Obdulia


Segovia, 19 Aprili 1964

Obdulia,

Tanuri lipo. Picha bado, mpigapicha hana nafasi.

Kiangazi usije. Hoteli imejaa mpaka Septemba, utanikuta sina hata saa ya kukaa nawe, utachoka bure kwa safari. Tungoje mwaka ujao, mambo yatakuwa yametulia. Benita anakubusu.

Frutos


Lausanne, 14 Juni 1964

Frutos,

Sikupi salamu kwa sababu sijui nampa nani.

Ningekuandikia kabla, lakini sikupata nafasi. Bibi Jaccard aliamua ghafla kwamba watoto waione Hispania kabla joto halijawa kali. Kutoka Madrid watakwenda Salamanca, na njiani watakula mchana Segovia, Hoteli ya Valsordo, kwa sababu rafiki zake wamemwambia hapo ndipo penye chakula cha asili. Niliposikia jina hilo nilikuwa nakunja nguo, nikakaa juu ya kitanda cha mtoto. Uliniambia nisije, nikawaza kuna mwanamke. Kisha nikajisuta. Nikasema nitakukuta ukumbini na suti yako, nitasimama nimwambie Madamu Jaccard: huyu ni mume wangu. Nilijizoeza sentensi hiyo kwa Kifaransa njia nzima. Baada ya hapo ningeomba ruhusa ya jioni moja nije nyumbani, nimkumbatie mwanangu.

Tuliingia kwa mlango mkubwa. Miaka yote nimekungoja kwenye mlango wa jikoni, sikujua kwamba kule mbele sakafu ni marumaru. Mimi nilikuwa nyuma, mtoto begani, mfuko wa nepi mkononi. Wakaniweka mwisho wa meza, karibu na dirisha, nimlishe.

Kwanza ilikuja supu ya vitunguu saumu. Nilionja kwa kijiko cha mtoto. Mkate ulikuwa wa asubuhi ile ile badala ya mkavu wa jana, umekatwa vipande vidogo kama vya sukari, na yai lilikuwa gumu. Nikajua si mkono wako, nikaweka kijiko chini. Nikawaza, Frutos ni mgonjwa, au amekufa na wamenificha. Halafu ukaletwa wali wa zafarani wenye kamba na kome, wa watu wa Valencia kule pwani. Wali, Frutos, Segovia. Bibi Jaccard alifumba macho akasema, "Hii ndiyo Hispania."

Ndipo ikapigwa kengele, mhudumu akatangaza kwamba anakuja Paco, mwenye nyumba ya wageni ya kale. Ukatoka wewe. Kofia pana, mshipi mwekundu tumboni, suruali ya magotini. Na masharubu. Hujawahi kuwa na masharubu, walikuchora kwa masizi. Ulikuwa unapaza sauti kama muuza punda. Ukakata nyama kwa ukingo wa sahani, ukaitupa sahani sakafuni ikapasuka, watu wakapiga makofi. Mtoto akaanza kulia mikononi mwangu.

Ukaja kwetu. Ukanitazama usoni kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi. Nikangoja. Kisha ukasema kwa sauti ile ile ya sokoni, "Na huyu yaya mzuri tumpe nini? Mkia au sikio?" Meza nzima ikacheka. Bwana Jaccard akasema, "Chagua, Maria." Nikasema, "Mkia." Ukaniwekea mkia, ukaenda meza nyingine.

Ngozi ilikuwa laini kama kiatu kilichonyeshewa. Hukuipika wewe. Niliila yote.

Sasa ujue. Ndiyo, mkeo ni yaya. Katika nyumba ile sijapika kitu isipokuwa uji wa mtoto. Cocido haikuwapo. Wananiita Maria kwa sababu wa kabla yangu alikuwa Maria, na wa kabla yake pia. Nilikudanganya kwa sababu barua zako zilikuwa na furaha na sikutaka zangu ziwe na sura ya msiba. Lakini nilipokuwa mbele yako sikukukana. Wewe ndiye uliyenikana, kwa mzaha, ili watu wacheke.

Gari lilipoteremka mjini niliona paa la nyumba yetu. Benita alikuwa humo. Sikuomba lisimame. Ningeomba, ningelazimika kueleza kwa nini, na sentensi yangu ya Kifaransa ilikuwa imekwisha kazi.

Obdulia


Segovia, 28 Juni 1964

Obdulia,

Umesema yako, sikiliza yangu.

Nilikuona kabla hujaniona. Niko nyuma ya pazia na Don Leandro, ananirekebisha kofia, nikaona unaingia kwa mlango mkubwa na mtoto wa watu begani. Nilitaka kutoka nilivyo, nikimbie katikati ya meza. Niliinua mguu, haki ya Mungu. Ndipo yule bwana akakuita, "Maria," nawe ukaitika. Hukushtuka, hukusita. Uliitika kama uliyebatizwa hivyo. Barua zako zote zikanipitia kichwani, jiko, chumba chenye dirisha, "Bibi Obdulia, hatukuachi." Nikasema, hataki watu hawa wajue yeye ni nani wala ni mke wa nani. Akitaka, atasema mwenyewe.

Nikaja mezani kwenu, nikakungoja. Unasema nilikutazama. Ndiyo, nilikutazama, nikingoja neno. Wewe ukainamisha macho kwenye sahani ya mtoto. Ukanifungia kope usoni kama mtu anavyofunga dirisha. Mzaha wa mkia na sikio nausema kila siku kwa kila yaya anayekaa meza ile. Ulitoka kwa sababu ndio uliokuwa mdomoni, kingine hakikuwapo.

Hukusema kwamba nilikuja nje. Labda hukuona, labda umeamua hukuona. Nilipita mlango wa jikoni, nikakimbia na kofia yangu mpaka yanaposimama magari. Ulikuwa umeshaketi nyuma, katikati ya watoto. Nikasimama. Bwana wako akadhani nimekuja kuaga wageni, akateremsha kioo, akanipa bakshishi. Nikaipokea, Obdulia. Nikavua kofia na kuinama. Gari likaondoka.

Na tanuri, kwa kuwa uliuliza. Wamelifagia wakaweka taa nyekundu ndani, lionekane linawaka. Wageni wanapita kulitazama. Nyama inapikwa kwa gesi tangu jana yake, ikiwa karibu kutoka inapakwa mafuta ing'ae. Siku walipokuja na taa ile nilimwambia Don Leandro naacha kazi. Akasema, "Acha. Ila ukumbini nina nafasi, na wewe una mama mgonjwa na binti shuleni. Masharubu au barabara, Frutos Arahuetes, chagua." Nikachagua kama ulivyochagua wewe.

Kumbe cocido haikuwapo. Mimi nimeila kila Jumapili tangu Novemba. Nilikuwa nakaa hapa na mkate mkavu na mama, nawaza, saa hizi Obdulia anaepua supu.

Benita amejua. Mhudumu mmoja alikutambua, akamwambia mama sokoni mbele yake. Aliniuliza, "Mama alikuwa hapa mjini, akaondoka?" Nikamjibu ndiyo. Tangu siku hiyo sketi ile ameivua.

Frutos


Lausanne, 9 Septemba 1964

Frutos,

Nimekaa kimya kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na meno, nikakichana.

Nilikuona nje. Niliona na bakshishi. Niligeuza uso ili usinione nikiona.

Sasa kuna jambo la serikali. Pasipoti yangu inakwisha, na ubalozi hautoi nyingine kwa mwanamke aliyeolewa mpaka mumewe aridhie kwa maandishi, mbele ya mwanasheria. Bila hiyo na mkataba wa kazi unakufa, narudishwa Hispania. Unaijua sheria, huna haja nikufundishe.

Ukitaka, saini. Usipotaka, usisaini. Haki ni yako.

Obdulia


Segovia, 5 Oktoba 1964

Obdulia,

Karatasi ni hii, imesainiwa na kupigwa muhuri. Mama anakusalimu.

Frutos


Segovia, 22 Novemba 1964

Mama,

Shikamoo. Baba hajui kwamba nakuandikia, bibi anajua na ndiye aliyenipa stempu.

Nilikuwa nimekukasirikia, na bado, lakini nimechoka kukasirika peke yangu katika nyumba hii. Nilikuwa na hasira zaidi ilipokuja karatasi ile fupi ya kwako ya Septemba. Nikasema mama ametutupa, anataka tu muhuri. Baba aliitembeza mfukoni mpaka ikaanza kuchanika kwenye mikunjo. Kisha akanichukua, tukaenda kwa mwanasheria, kwa sababu hakutaka kwenda peke yake.

Yule mwanasheria ni mzee mnene, anamjua baba tangu akiwa mpishi, na anamwonea huruma ile inayoudhi. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Arahuetes, wewe ndiye mume. Ukikataa hapa, kabla ya Krismasi mkeo yuko jikoni kwako anamenya viazi. Wanaume wengine hawafikirii hata mara moja." Baba akasema, "Naomba kalamu." Mwanasheria akasema, "Fikiria, jamani. Mwanamke akae nchi za watu, wewe unamfungulia mlango?" Baba akasema tena, "Kalamu, tafadhali." Alisaini taratibu, jina lote, kama mtoto anayeonyesha mwandiko.

Njiani nilimfokea. Nikamwambia ungeweza kumrudisha, ulikuwa na uwezo mkononi, kwa nini. Tukafika chini ya matao ya ule mfereji wa kale wa maji. Akasema, "Nikimzuia atakuja. Hiyo ndiyo shida, Benita. Atakuja kwa kukosa muhuri, na atakaa mezani kwangu kama alivyokaa siku ile, macho chini." Tukatembea. Kisha akasema, "Nilitafuta neno moja katika barua ile. Moja tu, la kuonyesha kwamba anataka kuja. Nimeisoma mbele na nyuma, halimo."

Mama, kwa nini hukuliandika?

Baba anaendelea na kazi ile ile. Sasa ni hodari, meneja amempandisha, kuna hoteli ya pwani inamtaka kwa kiangazi. Zamani alikuwa akioga hotelini kabla ya kurudi. Siku hizi anakuja nyumbani na masharubu, anakula nayo. Bibi alimwambia, "Frutos, nenda kaoshe uso." Akamjibu, "Kesho si nitachorwa tena?"

Mwanao,
Benita


Château-d'Oex, 13 Desemba 1964

Benita mwanangu,

Marahaba. Mshukuru bibi kwa stempu. Hasira yako ni halali yako, sikuombi uiache.

Umeniuliza swali, nitakujibu kama mtu mzima, maana naona umeshakuwa, na mimi sikuwapo.

Neno lile sikuliandika kwa sababu nilitaka akatae. Sheria ile naichukia. Nimeona wanawake hapa wakilia kwenye ngazi za ubalozi kwa sababu mume mmoja mlevi huko kwao Lugo hajaamka vizuri. Lakini safari hii nilifurahi ipo. Nilijua baba yako hawezi kuniambia rudi, baada ya kofia ile na bakshishi ile. Na mimi siwezi kumwambia nataka kurudi, baada ya kupita paa lenu nikiwa ndani ya gari. Basi nikasema, sheria itatusemea. Atakataa. Nitawalalamikia wanawake wa Galicia kwamba mume wangu ni katili, amenirudisha kwa nguvu, na wakishageuza mgongo nitacheka. Angekuwa na sababu yake na mimi ningekuwa na yangu, na hakuna ambaye angepiga magoti.

Nilikuwa na uhakika, Benita. Nilimwendea Madamu mwezi ule ule wa Septemba nikamwambia naondoka, mume wangu ananitaka. Nikafunga sanduku. Nilikununulia viatu vyenye manyoya ndani, nikavijaza soksi ili visibonyee. Bahasha ilipokuja niliichana nikiwa nimesimama koridoni, nikitafuta matusi. Nilikuwa na hamu ya matusi yake. Nikakuta muhuri, na "Mama anakusalimu."

Nikasema, amenifukuza kwa adabu.

Nikarudi kwa Madamu kuomba nafasi yangu. Alikuwa ameshampata msichana wa Kireno. Akanionea huruma, akanipeleka kwa mama mkwe wake huku milimani, mzee asiyeinuka kitandani. Nimetia saini mkataba mpya kwa hiyo hiyo ruhusa ya baba yako, na siwezi kuuvunja mpaka yule mzee afe au anifukuze, na haonyeshi dalili ya lolote.

Leo unaniambia alichosema chini ya matao. Nimeisoma sehemu hiyo nikiwa nimeshika meza. Ungenieleza Oktoba, ningekuja kwa miguu. Sikulaumu, ulikuwa umenikasirikia, na nilikupa sababu. Lakini sasa hata mkataba ungekwisha kesho, sijui ningeingiaje mlango ule. Angejua kwamba nimeambiwa. Tungekaa mezani tukihurumiana, kila mmoja akimpisha mwenzake kipande kizuri, mpaka mmoja wetu azikwe. Huruma ya baba yako siiwezi. Hasira yake ningeiweza.

Kuhusu sanduku usimwambie. Akijua kwamba siku ile alipoomba kalamu ilikuwa imebaki yeye kusema hapana tu nirudi, moyo wake utabaki pale kwa yule mwanasheria maisha yake yote. Mwache adhani sikutaka. Hilo amekwisha kulizoea.

Viatu nimevituma kwa posta, vitakubana kidogo mwanzoni. Anwani yangu mpya iko juu ya bahasha. Akiuliza, mwambie huku milimani hewa ni nzuri na sikosi kitu.

Mama yako,
Obdulia